Oshoala: Tuzo sita za Afrika na safari ndefu ya mcheza kwao

WAHENGA walisema mcheza kwao hutunzwa. Kwa mshambuliaji wa Nigeria, Asisat Oshoala, msemo huo umekuwa na pande mbili. Kati ya mwaka 2014 na 2023, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilimtangaza mara sita kuwa Mchezaji Bora wa Mwaka kwa wanawake, idadi ambayo hakuna mwanamke mwingine aliyeifikia. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mabao yaliyomjengea jina hilo aliyafunga mbali na Ikorodu, mji wa Jimbo la Lagos alikozaliwa Oktoba 9, 1994.

Oshoala aliiacha ligi ya nyumbani Januari 2015, akiwa na umri wa miaka 20. Kuanzia hapo hadi mwaka 2025 alivaa jezi za klabu sita katika nchi tano: Uingereza, China, Hispania, Marekani na Saudi Arabia. Katika kipindi hicho hicho timu yake ya taifa, Super Falcons, iligoma zaidi ya mara moja kwa sababu wachezaji hawakuwa wamelipwa fedha zao.

Mambo hayo mawili hayatenganishiki. Anayeifuata safari ya mshambuliaji huyo hatua kwa hatua anapata sehemu ya jibu la swali linaloulizwa kila mara katika vijiwe vya soka: kwa nini Afrika, yenye vipaji vingi namna hii, inashindwa kuwatunza wachezaji wake wa kike nyumbani?

Binti wa Ikorodu

Oshoala alizaliwa katika familia ya Kiislamu ya Wayoruba. Mwenyewe ameeleza mara kadhaa katika mahojiano kuwa wazazi wake hawakutaka acheze mpira, walitaka asome. Aliyemwelewa, kwa maelezo yake, alikuwa bibi yake.

Hofu ya wazazi hao haikuwa ya ajabu. Kwa mtoto wa kike nchini Nigeria wakati huo, shule ilikuwa na mwisho unaojulikana, cheti na pengine ajira. Mpira haukuwa na ahadi ya namna hiyo. Ligi ya wanawake ilikuwepo, lakini mshahara wa kumwezesha mchezaji kuendesha maisha ulikuwa jambo la wachache.

Safari yake ya klabu ilianzia FC Robo ya Lagos. Mwaka 2013 alihamia Rivers Angels ya Port Harcourt, moja ya klabu kubwa za wanawake nchini humo. Kabla dunia haijamfahamu, mashabiki walikwishampa jina la utani la Seedorf, wakimlinganisha na kiungo wa Uholanzi, Clarence Seedorf.

Silaha zake kuu zilikuwa mbio na nguvu. Ni mshambuliaji anayependa kusimama sambamba na beki wa mwisho, akavizia pasi ya kupenyeza, kisha akachomoka kuelekea langoni. Mchezaji wa aina hiyo huwa adhabu kwa timu inayocheza na mabeki waliopanda juu, kwa sababu kosa moja tu la kupanga mstari linatosha kumwacha ana kwa ana na kipa.

Majuma matatu ya Canada

Agosti 2014, Fainali za Kombe la Dunia kwa wanawake chini ya umri wa miaka 20 zilifanyika Canada. Nigeria ilikwenda huko ikiwa timu ya kuheshimiwa. Iliondoka ikiwa na nyota mpya.

Katika nusu fainali dhidi ya Korea Kaskazini, Oshoala alifunga mabao manne peke yake, Nigeria ikishinda 6-2. Fainali iliyochezwa Montreal ilikuwa ngumu zaidi. Ujerumani ilishinda kwa bao 1-0 lililopatikana katika muda wa nyongeza. Pamoja na kulikosa kombe, Oshoala alimaliza mashindano akiwa na mabao saba, akatwaa kiatu cha dhahabu cha mfungaji bora na mpira wa dhahabu wa mchezaji bora.

Miezi miwili baadaye alikuwa Namibia na timu ya wakubwa katika mashindano ya Afrika. Nigeria iliifunga Cameroon 2-0 katika fainali mjini Windhoek, Oshoala akifunga bao moja kati ya hayo na kutangazwa mchezaji bora wa mashindano. Mwaka huo huo Rais Goodluck Jonathan alimpa nishani ya taifa, na CAF ikamtunuku kwa mara ya kwanza tuzo ya mchezaji bora wa bara.

Mchezaji wa kiume mwenye mwaka wa namna hiyo angeweza kubaki Afrika kwa muda na bado akaonekana, kwa kuwa Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanaume ina historia ndefu. Kwa wanawake, CAF haikuwa na mashindano yoyote ya klabu. Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake ilianza mwaka 2021, miaka sita baada ya Oshoala kuondoka Port Harcourt. Bingwa wa Nigeria wa mwaka 2014 hakuwa na mahali pa kwenda baada ya kuutwaa ubingwa wake.

Uingereza: jina kubwa, mechi chache

Januari 2015 Oshoala alijiunga na Liverpool, klabu iliyokuwa imetwaa ubingwa wa ligi ya wanawake ya England misimu miwili mfululizo, 2013 na 2014. Mei mwaka huo alikuwa mshindi wa kwanza kabisa wa tuzo ya BBC ya Mwanasoka Bora wa Kike wa Mwaka, iliyopigiwa kura na mashabiki wa nchi mbalimbali. Juni alifunga bao lake la kwanza katika Kombe la Dunia la wakubwa, pale Nigeria ilipotoka sare ya 3-3 na Sweden mjini Winnipeg, Canada.

Katika klabu mambo hayakwenda sawasawa. Aliumia goti, na Liverpool ile ya ubingwa iliporomoka hadi nafasi ya pili kutoka mwisho wa msimamo. Mwaka 2016 alihamia Arsenal, ambayo mwezi Mei mwaka huo ilitwaa Kombe la FA kwa kuifunga Chelsea bao 1-0 katika Uwanja wa Wembley. Hata huko hakupata nafasi ya kudumu katika kikosi cha kwanza.

Miaka hiyo miwili inaonyesha jambo ambalo mara nyingi husahaulika pale mchezaji wa Afrika anapopata mkataba Ulaya. Kusajiliwa ni mlango tu. Ndani yake kuna baridi, majeraha, upweke, kocha mwenye mipango yake na wachezaji wenzake wanaowania namba ile ile. Mfungaji anahitaji mechi mfululizo ili azoeane na wanaompa pasi, na mechi hizo Oshoala hakuzipata.

Ushahidi kwamba kipaji hakikuwa kimepotea ulionekana Cameroon mwishoni mwa mwaka 2016. Katika Fainali za Mataifa ya Afrika kwa Wanawake alifunga mabao sita na kuwa mfungaji bora, manne kati ya hayo yakiwa katika mchezo mmoja dhidi ya Mali. Nigeria ilitwaa kombe, naye akapata tuzo ya pili ya CAF.

Kwa nini China?

Mapema mwaka 2017 Oshoala alijiunga na Dalian Quanjian ya China. Kwa shabiki aliyezoea kuitazama Ulaya kama kilele cha soka, kutoka Arsenal kwenda Dalian kulionekana kama kushuka ngazi.

Hesabu ya mchezaji ilikuwa tofauti. Klabu za China zilikuwa tayari kuwalipa vizuri washambuliaji wa kigeni na kuwapa namba moja kwa moja. Oshoala alitwaa ubingwa wa ligi mwaka 2017 na 2018, na katika msimu wake wa kwanza aliibuka mfungaji bora. CAF ikampa tuzo ya tatu kwa mwaka 2017.

Njia hiyo haikuwa yake peke yake. Tabitha Chawinga wa Malawi aliipita, na baadaye Barbra Banda wa Zambia. Kwa kizazi hiki cha washambuliaji wa Afrika, China ilifanya kazi ambayo ligi za nyumbani hazikuweza kuifanya: iliwapa mshahara, mechi na mabao, kisha klabu kubwa zikaja kuwafuata huko.

Barcelona: kilele

Januari 31, 2019, Barcelona ilimchukua Oshoala kwa mkopo wa miezi michache tu. Alianza kufumania nyavu mara moja, na kabla msimu haujafuatiwa na mwingine alikuwa amepewa mkataba wa kudumu.

Mei 18 mwaka huo, mjini Budapest, Barcelona ilicheza fainali yake ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa Ulaya kwa wanawake na kuadhibiwa na Lyon kwa mabao 4-1. Bao la kufutia machozi lilifungwa na Oshoala, aliyeingia akitokea benchi. Mwaka 2019 ukamletea tuzo ya nne ya CAF, akilingana na Mnigeria mwenzake, Perpetua Nkwocha, aliyeshinda mwaka 2004, 2005, 2010 na 2011.

Miaka miwili baada ya Budapest, Mei 16, 2021, Barcelona iliifunga Chelsea 4-0 mjini Gothenburg, Sweden. Oshoala aliingia kipindi cha pili, na kwa ushindi huo akaandikwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kutwaa kombe hilo.

Msimu wa 2021-22 ndio unaoeleza vizuri zaidi ubora wake. Barcelona ilishinda mechi zote 30 za ligi. Oshoala, aliyekosa sehemu ya msimu kwa majeraha, alifunga mabao 20 na kugawana tuzo ya ufungaji bora na Geyse Ferreira wa Madrid CFF. Hakuna Mwafrika aliyewahi kuipata tuzo hiyo kabla yake katika ligi ya wanawake ya Hispania. Mwaka 2022 aliwania Ballon d'Or na kushika nafasi ya 16, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuingia katika orodha hiyo.

Alipoondoka Barcelona mapema mwaka 2024 alikuwa na mataji manne ya ligi, mawili ya Ligi ya Mabingwa Ulaya (2021 na 2023) na zaidi ya mabao 100 katika mashindano yote. Hata huko, katika kikosi kilichosheheni nyota, kuna mechi kubwa alizozianzia benchi. Tofauti na England ni kwamba hapa kila nafasi aliyoipata ilikuwa ndani ya timu inayotengeneza pasi nyingi za mwisho, na mshambuliaji wa aina yake huishi kwa pasi hizo.

Posho, bonasi na milango ya hoteli

Wakati jina lake likipanda Ulaya, hali katika timu ya taifa ilikuwa na mambo yake.

Desemba 2016, baada ya kutwaa ubingwa wa Afrika nchini Cameroon, wachezaji wa Super Falcons walirejea Abuja na kukataa kuondoka hotelini. Walikuwa wakidai bonasi na posho zao, na kombe walikaa nalo. Baada ya siku kadhaa za kusubiri waliandamana hadi Bunge la Taifa. Ni hapo ndipo fedha zilipopatikana.

Juni 2019, baada ya kufungwa na Ujerumani 3-0 katika Kombe la Dunia nchini Ufaransa, hali ilijirudia. Wachezaji waligoma kutoka hotelini wakidai malimbikizo, yakiwemo ya miaka iliyotangulia. Oshoala alikuwa amefunga katika mashindano hayo, kwenye ushindi wa 2-0 dhidi ya Korea Kusini.

Julai 2022 nchini Morocco, Oshoala aliumia goti katika mchezo wa kwanza dhidi ya Afrika Kusini na safari yake katika mashindano ikaishia hapo. Wenzake waliobaki walisusia mazoezi kabla ya mchezo wa kuwania nafasi ya tatu na Zambia, kwa sababu ile ile ya fedha. Walifungwa 1-0.

Mwaka 2023, kabla ya Kombe la Dunia la Australia na New Zealand, kocha Randy Waldrum alililaumu hadharani Shirikisho la Soka la Nigeria (NFF), na taarifa za uwezekano wa mgomo zikazagaa. Baada ya mashindano, chama cha kimataifa cha wachezaji, FIFPRO, kilitangaza kuwa wachezaji hao walikuwa wakidai malipo ya tangu mwaka 2021.

Katikati ya mzozo huo timu ilicheza vizuri. Dhidi ya wenyeji Australia mjini Brisbane, Oshoala alitokea benchi na kufunga bao la tatu katika ushindi wa 3-2. Likawa bao lake la tatu katika fainali tatu tofauti za Kombe la Dunia, rekodi kwa mwanamke wa Afrika. Nigeria ilitolewa na England kwa mikwaju ya penalti katika hatua ya 16 bora, baada ya sare ya bila kufungana. Desemba mwaka huo Oshoala alichukua tuzo yake ya sita mjini Marrakech, ya tano akiwa ameipata mwaka 2022.

Kwa nini madai hayo hujirudia? Sababu mojawapo ni mfumo wenyewe. Fedha za mashindano hupita katika mashirikisho ya soka ya nchi kabla ya kumfikia mchezaji. Pale ambapo makubaliano ya maandishi hayapo, au yapo lakini hayana tarehe ya malipo, mchezaji anabaki na silaha moja tu, nayo ni kukaa. Ndiyo maana migomo hutokea hotelini, mwishoni mwa mashindano, kabla timu haijatawanyika. Baada ya hapo kila mmoja hurejea klabuni kwake, na nguvu ya kudai kwa pamoja hupotea.

Nguvu hiyo nayo si sawa kwa wote. Mchezaji wa Barcelona anaweza kusubiri bonasi miezi mitatu bila kukosa kodi ya nyumba. Beki wa akiba anayecheza ligi ya nyumbani hawezi. Kugoma kwa pamoja kuliwasaidia zaidi wale ambao majina yao hayakuandikwa magazetini.

Marekani, Riyadh na taji la kumi

Februari 2024 Oshoala alijiunga na Bay FC, klabu mpya ya eneo la San Francisco, Marekani. Machi 17 mwaka huo alifunga bao la kwanza katika historia ya klabu hiyo, lililotosha kuizamisha Angel City 1-0. Klabu hiyo hiyo ilikuwa imemsajili Mzambia Racheal Kundananji kwa ada iliyokuwa rekodi ya dunia kwa wanawake wakati huo. Miaka kumi tu nyuma, habari ya washambuliaji wawili wa Afrika kugombewa kiasi hicho ingeonekana kama ndoto.

Mwaka 2025 alihamia Al Hilal ya Saudi Arabia. Ligi Kuu ya wanawake ya huko ilianza msimu wa 2022-23, na wasomaji wa Tanzania wanaifahamu kupitia Clara Luvanga, aliyejiunga na Al Nassr mwaka 2023.

Kabla ya uhamisho huo kulikuwa na Morocco. Katika Fainali za Mataifa ya Afrika kwa Wanawake zilizochezwa Julai 2025, Oshoala alifunga bao la kwanza la Nigeria katika mashindano hayo, dakika za mwanzo za mchezo dhidi ya Tunisia. Julai 26, mjini Rabat, Nigeria ilitoka nyuma kwa mabao 2-0 na kuwafunga wenyeji 3-2. Lilikuwa taji la kumi kwa nchi yake na la nne kwake, baada ya yale ya mwaka 2014, 2016 na 2018.

Safari hii hakuna aliyejifungia hotelini. Rais Bola Tinubu aliwapokea Abuja na kuahidi kila mchezaji dola 100,000 za Marekani, nyumba na nishani ya taifa. Kwa timu iliyowahi kuandamana hadi bungeni ikiwa bingwa, tofauti ilikuwa kubwa.

Lakini zawadi ya rais si mshahara. Hutegemea ushindi, tena wa kishindo, na humfikia aliyekuwemo kikosini siku ile. Haimgusi msichana wa umri wa miaka 17 anayecheza ligi ya ndani, ambaye wazazi wake bado wanapima kati ya mpira na shule.

Yanayobadilika taratibu

Zipo dalili njema. CAF ilitoa dola milioni moja kwa bingwa wa wanawake wa mwaka 2025, mara mbili ya dola 500,000 zilizotolewa mwaka 2022. Bado pengo ni kubwa: bingwa wa wanaume katika fainali zilizochezwa Ivory Coast mwaka 2024 alipata dola milioni saba.

Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake nayo imefungua mlango uliokuwa umefungwa enzi za Oshoala. Rivers Angels, klabu yake ya zamani, ilishiriki mashindano ya kwanza ya mwaka 2021 nchini Misri, sambamba na Vihiga Queens ya Kenya. Simba Queens ya Tanzania ilifika nusu fainali mwaka 2022. Mchezaji wa Dar es Salaam au Nairobi sasa anaweza kuonekana na mawakala akiwa na jezi ya klabu ya nyumbani.

Oshoala mwenyewe ameanzisha taasisi yenye jina lake, inayowashirikisha wasichana katika soka nchini Nigeria na kuwahimiza wasiache shule. Chaguo alilowekewa mbele yake Ikorodu, la mpira au masomo, taasisi hiyo inajaribu kulifanya lisiwe chaguo tena.

Kwa mashirikisho ya soka, yanayotakiwa hayana siri: mikataba ya maandishi inayosainiwa kabla ya kambi, tarehe za malipo zinazoheshimiwa, na ligi ya ndani inayolipa mishahara kwa wakati. Nigeria imetwaa ubingwa wa Afrika mara kumi huku mengi ya hayo yakikosekana. Nchi nyingine, ambazo hazina hazina ya vipaji kama ya Lagos na Port Harcourt, haziwezi kutegemea bahati ya namna hiyo.